Mashine bado haijafika: nianze kufundisha uchapaji, au nisubiri?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari wilayani Rungwe. Kwa ufupi anasema hivi: anafundisha somo la sanaa Kidato cha Pili, wanafunzi 54. Mwaka jana wafadhili walimwahidi mashine ya kuchapia picha zilizochongwa kwenye kibao, haijafika mpaka leo. Lino, ile shiti ya sakafuni inayochongwa badala ya mbao, hana; visu vya kuchongea anavyo vitano. Mkuu wa shule anaona uchapaji ni kazi ya vibanda vya tisheti na mihuri, si sanaa. Je, aanze na alichonacho au asubiri? Na la pili: yeye mwenyewe mara ya mwisho kuchonga kibao ilikuwa chuoni. Atawafundishaje watoto kitu ambacho hakifanyi?

Mwalimu, kamwene. Anza, tena muhula huu huu. Ila namna utakavyoanza ndiyo itakayoamua kama hao 54 watajifunza sanaa au watajifunza kutengeneza mihuri, kwa hiyo nitakaa hapo kwanza kabla ya kugusa vifaa.

Nianze na hoja ya mkuu wako, maana haikutoka hewani. Fundi wa kibandani anapokea picha iliyokwisha kuamuliwa. Kazi yake, na ni kazi ya heshima, ni kuhakikisha tisheti ya mia inafanana na ya kwanza. Msanii mchapaji yeye anakuja mezani na nusu ya picha. Nusu nyingine anaikuta kwenye kibao: ubao unakataa mstari fulani, wino unajaza bonde alilolichonga kwa kina kidogo, karatasi inapokea kivuli ambacho hakukichora. Anachapa moja, anaitundika, anaitazama, anarudi na bobari, kile kisu cha kuchongea chenye mfereji, kuondoa kidogo, anachapa tena. Chapa hiyo ya kutazama, isiyo ya kuuza wala ya kumpa mtu, ndiyo tunayoiita chapa ya majaribio, na kwangu mimi ndiyo moyo wa somo. Mwalimu anaweza kuwafundisha watoto kuchonga vizuri kabisa, lakini kama hakuwafundisha kuitazama chapa ya majaribio na kuamua kitu kutokana nayo, nusu ya kazi bado.

Kwa hiyo weka sharti moja tangu mwanzo, na usilegeze: kila mwanafunzi achape kibao chake walau mara tatu kabla hajakimaliza, katika hatua tatu tofauti za kuchonga. Chapa zote zihifadhiwe. Nyuma ya kila moja aandike kwa penseli ameondoa nini baada ya ile iliyotangulia, na kwa nini. Unaposahihisha, weka alama nyingi kwenye mabadiliko hayo kuliko kwenye ile ya mwisho. Sharti hili litakusaidia pia na ugonjwa wa madarasa yote ya sanaa ninayoyajua, yaani watoto kunakili picha kutoka kwenye simu: simba wa intaneti, nembo ya Yanga, mwanamke mwenye mtungi kichwani. Aliyenakili hana la kubadilisha kwenye chapa ya pili. Atakuambia "nimemaliza" siku ile ile, na hapo utajua pa kuanzia naye.

Mkuu wako usimpe hotuba. Mwekee mezani chapa nne za kibao kimoja cha mtoto mmoja, kwa mpangilio, na umwachie nafasi ya kutazama. Nimewahi kuona wakuu wa shule wakibadilika mbele ya karatasi nne, watu ambao maneno yangu hayakuwagusa.

Unaweza pia kumweleza, na wanafunzi wako wanastahili kujua, kwamba kazi hii ina ukoo barani kwetu. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilikuwa na wachapaji waliofanya kazi kwa mbao na kwa bamba za chuma. Robino Ntila ni mmojawapo, na George Lilanga, ambaye wengi wanamjua kwa michoro ya rangi kali, alichapa pia. Kusini zaidi, pale Rorke's Drift nchini Afrika Kusini, kituo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1962 kilitoa kina Azaria Mbatha na John Muafangejo. Huyu Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943 na kufia Namibia mwaka 1987, ndiye ningemtanguliza darasani. Karibu kazi zake zote ni lino, nyeusi na nyeupe tu, na ndani ya picha anaandika sentensi nzima kueleza kinachotokea. Watoto waliokua wakisoma majina ya kanga wanaielewa kazi yake mara moja, maana kanga nayo ni kitu cha kuchapwa, chenye pindo, mji na jina. Nigeria yuko Bruce Onobrakpeya, aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye amebuni njia zake mwenyewe za kuchapa kutokana na vitu alivyokuwa navyo karibu. Huyu hakusubiri vifaa vikamilike.

Sasa vifaa. Mwezi wenu wa kwanza wa uchapaji usitoe kisu hata kimoja. Anza na boksi la kadibodi, njia tunayoiita kolagrafu. Mwanafunzi anakata kipande cha ukubwa wa daftari, hicho ndicho msingi, kisha anabandika juu yake vipande vingine kwa gundi nyeupe ya mbao: kadibodi nyembamba, uzi, pumba, jani la mgomba lililokauka, kitambaa cha gunia. Kinachoinuka kinapokea wino, kinachobaki chini kinabaki cheupe. Mwonyeshe namna ya kubandua karatasi ya juu ya boksi ili ile migongo ya ndani ionekane. Ikichapwa inatoa paa la bati bila mtu kuchora mstari hata mmoja. Kwenye somo hilo mtoto anagundua kwamba kitu chenyewe kinachora, na akiligundua hilo hatalisahau akishika mbao. Kabla ya kuchapa, kibao kipakwe gundi iliyozimuliwa kwa maji mara mbili na kiachwe kikauke kabisa, la sivyo wino utakiloanisha na karatasi itang'oka na vipande. Kwa unyevu wa Tukuyu, usiku mmoja hautoshi. Panga kipindi cha kubandika wiki moja na cha kuchapa wiki inayofuata. Na wakienda kuokota majani, waambie maua ya Kitulo yabaki Kitulo. Ile ni hifadhi ya taifa, na barabarani kwenu kuna majani ya kutosha.

Hatua ya pili ni soli za ndala. Ndala kuukuu, zilizooshwa, ambazo kisigino hakijaliwa sana. Soli ni laini kiasi kwamba kalamu ya wino ikikandamizwa inaacha mfereji, na kisu cha kawaida kinakata bila nguvu. Hapa wanafunzi wajifunze kugeuza: chochote kilicho kulia kwenye kibao kitakuwa kushoto kwenye karatasi. Herufi ndizo zinazoumbua. Aandike neno kwenye karatasi, aibandike kwenye kioo cha dirisha upande wa maandishi ukitazama nje, akoleze yale yanayoonekana kwa nyuma, na hayo ndiyo ayahamishie kwenye kibao.

Kisha visu. Unavyo vitano, na nyumbani kwenu mna kiwanda cha visu ambacho hujakihesabu. Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na panapokuwa na mvua hiyo pana miavuli iliyovunjika. Chukua mbavu ya mwavuli, ile nyembamba ya chuma. Itazame kwa ncha: haikuundwa kama waya wa mviringo, imekunjwa ikawa na mfereji katikati. Huo mfereji ndio bobari. Kata kipande cha sentimita 8 hivi kwa koleo. Kwa tupa ndogo, nolea ncha kwa mshazari kutoka nje, taratibu, mpaka ukingo wa mfereji uwe na makali kuzunguka pande zote. Malizia kwa msasa wa maji uliobandikwa kwenye ubao, kwanza namba 400 kisha 800, halafu usugue mara chache kwenye mkanda wa ngozi ili kutoa vinyweleo vya chuma vilivyobaki. Kwa mpini, tumia mwanzi mkavu mwembamba. Toboa kwa msumari wa moto, ingiza chuma mpaka ibaki sentimita 3 tu nje, funga kwa uzi na gundi ngumu. Jaribu kwenye kipande cha soli: ikitoa uzi mmoja mrefu uliojikunja, imekubali. Ikichana na kuacha kingo zenye manyoya, rudi kwenye msasa. Chuma cha miavuli ya bei rahisi ni laini, kitapoteza makali kila kipindi, kwa hiyo dakika kumi za mwisho za kila somo ziwe za kunoa. Si hasara. Mtoto anayejua kunoa kifaa chake anachonga kwa nguvu kidogo, na kisu kinachosukumwa kwa nguvu kidogo hakikati vidole.

Kuhusu vidole: tengeneza vibao vya kuzuia kabla ya kuanza. Ni ubao bapa wenye mti mmoja uliopigiliwa chini upande wa mbele, unaoshika ukingo wa meza, na mti mwingine juu upande wa mbali, ambao kazi inaegemea. Mikono yote miwili inakaa nyuma ya makali, mmoja unasukuma, mwingine unashikilia kazi kutokea nyuma. Fundi seremala yeyote wa hapo atavitengeneza kwa mabaki ya mbao. Kwa hili usikubali udhuru wa mtu.

Neno kuhusu lino, maana utaahidiwa. Wauza mazulia wengi watakuuzia plastiki ya sakafuni wakiiita lino. Lino halisi, iliyobuniwa na Mwingereza Frederick Walton miaka ya 1860, imetengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa gome la koki, mgongoni ina kitambaa cha juti, na ukiinusa unasikia mafuta. Ile ya plastiki haina harufu hiyo, ni nyembamba, na inararuka badala ya kukatika. Ukipata lino halisi, kumbuka baridi ya Juni na Julai inaifanya iwe ngumu na ivunjike. Ianikwe juani dakika chache kabla ya kipindi, au mwanafunzi aikalie.

Lakini mimi ningekushauri usiitafute sana. Uko kwenye nyanda za misindano. Mbao za paini zinazotoka Sao Hill na mashamba ya Mufindi ziko kila karakana kutoka Makambako hadi Mbeya, na masalio hupewi kwa bei, unaombwa uyaondoe. Wachapaji wengi wanailalamikia paini, na lalamiko lina sababu. Mti huu kwetu unakua haraka, pete zake ni pana, na ndani ya kila pete kuna sehemu laini iliyokua wakati wa mvua na sehemu ngumu iliyokua mvua ilipopungua. Kisu kinazama kwenye laini, kinagonga ngumu, kinaruka. Mstari mwembamba wa mviringo kwenye paini ni vita. Basi usimpe mwanafunzi mstari mwembamba wa mviringo. Mpe brashi ya waya. Asugue ubao kwa kufuata nyuzi zake mpaka sehemu laini ziingie ndani na zile ngumu ziinuke, apake wino mwembamba, achape. Kitakachotoka ni mawimbi, ukungu unaoshuka mlima Rungwe, mistari ya shamba lililolimwa. Anachobakiwa nacho ni kuamua wapi aziache nyuzi ziseme na wapi azinyamazishe kwa bobari. Edvard Munch wa Norway aliacha nyuzi za ubao zionekane wazi kwenye chapa zake za mwishoni mwa karne ya 19, na picha zake zina nguvu kwa sababu hiyo hasa. Anayetaka mistari midogo apewe plaiwudi, ambayo ni nyepesi kukata ingawa tabaka la juu hubanduka kisu kikiwa butu. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, nayo haina nyuzi na inakatika kila upande, ila vumbi lake si la kuvuta. Ichongwe nje, na watu wazibe pua.

Na karatasi? Mti ule ule. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kinatengeneza karatasi ya kaki kutokana na misindano, na kwa kuwa nyuzi za paini ni ndefu, karatasi yake ni imara mno kwa unene wake. Ndiyo maana inafaa mifuko ya saruji. Tabaka za ndani za mfuko wa saruji, ukizikung'uta na kuzifuta vizuri, ni karatasi safi ya kuchapia. Wino mweusi juu ya kaki unapendeza kuliko juu ya karatasi nyeupe ya fotokopi, na ukiongeza wino mweupe kidogo mahali pa mwanga unakuwa na rangi tatu kwa gharama ya mbili. Hebu fikiria mtoto wa Rungwe anayechapa kwa ubao wa paini juu ya karatasi ya paini, vyote vya nyanda hizi. Mwambie hivyo, atasimama wima. Tahadhari moja: kaki ambayo haijapaushwa inazidi kuwa nyeusi na kukatika kadiri miaka inavyokwenda. Kwa mazoezi na maonyesho ya shule ni nzuri sana. Kwa kazi utakayomuuzia mtu akaitundike ukutani, nunua karatasi ya pamba. Na ukipata nafasi, peleka kikundi kidogo cha wanafunzi Neema Crafts hapa Iringa, ambako tangu mwaka 2003 mafundi wenye ulemavu wanatengeneza karatasi kwa mkono, ikiwemo ile maarufu ya kinyesi cha tembo. Karatasi hiyo ina mikunjo, kwa mistari midogo haifai. Kwa kolagrafu yenye sura kubwa, ikiloanishwa kidogo usiku na kufunikwa plastiki, inapokea wino vizuri.

Wino ndio unaoharibu kazi nyingi za shule, na kosa karibu kila mara ni moja: mwingi mno. Nunua wino wa mafuta wa offseti kutoka kwa wachapaji wa vitabu na risiti mjini Mbeya. Mara nyingi wana makopo yaliyobakia nusu. Weka kiasi cha ncha ya kijiko kwenye kigae au kioo, usambaze kwa rola mpaka uwe ngozi nyembamba. Sikiliza. Rola ikipita juu ya wino uliozidi inatoa mlio mzito wa kubwatuka, kama uji unaochemka. Ukiwa sawasawa, mlio unakuwa mwororo, wa juu, usiokatika. Wafundishe wanafunzi kuusikia mlio huo kabla hujawafundisha kitu kingine mezani pale. Usijaribu kuulegeza wino kwa mafuta ya kupikia, kwani mafuta yatatambaa nje ya mistari na baada ya wiki chache kila mstari utakuwa na duara la njano kuuzunguka. Julai wino ukigoma, weka kopo juani. Kuoshea ndipo mafuta ya alizeti yanapofaa: pakaa kwenye rola na kioo, futa kwa tambara, malizia kwa sabuni. Petroli na tina zisiingie darasani. Zinaumiza mapafu na zinashika moto, na alizeti inafanya kazi ile ile.

Rola yenyewe unaweza kuifanyiza: bomba la plastiki, raba ya tyubu ya baiskeli iliyovutwa ikakaza juu yake bila mkunjo, waya mnene katikati. Si kamilifu, lakini inatosha kwa kolagrafu na ndala.

Kuchapa bila mashine ni mwiko wa jikoni. Laza karatasi juu ya kibao chenye wino, mkono mmoja uitulize, mgongo wa mwiko usugue kwa miduara midogo kutoka katikati kwenda kingo. Ukifika nusu, inua pembe moja huku nyingine zikiwa zimeshikwa, chungulia. Palipofifia, rudisha pembe, sugua tena hapo tu. Mashine haikuruhusu kufanya hivi. Ukishazungusha, kilichotoka kimetoka. Mwenye mwiko anaweza kukandamiza zaidi usoni na kuiacha anga iwe hafifu, akapata vivuli ambavyo kibao chenyewe hakina. Nakwambia hili kwa sababu nimekusoma ukiandika "bila mashine" kana kwamba ni pengo. Kwa mwaka wa kwanza ni faida. Mkono unajifunza kinachotokea kati ya kibao na karatasi.

Idadi ya 54 inatisha kwenye karatasi kuliko mezani. Wagawe mara tatu: wanaochora, wanaochonga, wanaochapa, na mzunguko uhame kila wiki. Hivyo wanaoshika visu kwa wakati mmoja hawazidi 18, na visu vyako vitano pamoja na vya mwavuli vitawatosha. Mezani pa kuchapia wafanye kazi wawili wawili: mmoja ana mikono michafu, anashika rola na kibao, mwingine ana mikono misafi, anashika karatasi tu. Wabadilishane chapa inayofuata. Ukiacha mtu mmoja afanye yote, kila karatasi itakuwa na alama za vidole, na utatumia kipindi kizima kugombana. Kamba na vibanio vya nguo darasani, chapa zining'inie. Kwenu, msimu wa mvua, wino wa mafuta utachukua siku kadhaa. Usizipange moja juu ya nyingine kwa haraka.

Uchapaji wa kula bamba la chuma kwa asidi uache kabisa, hata kama mtu atakuletea hiyo asidi bure. Darasa la 54 si mahali pake.

Sasa swali lako la pili, ambalo nadhani ndilo lililokusukuma kuandika. Mwalimu, huhitaji kuwa bingwa. Unahitaji kuwa na kibao chako mwenyewe mezani, kikiendelea, wanafunzi wakikiona. Kimoja kila muhula kinatosha. Kichonge kwa visu vile vile vya mwavuli, kwa paini ile ile, na chapa zako za majaribio zitundike kwenye kamba moja na zao, pamoja na zile zisizopendeza. Mwanafunzi akiona mwalimu wake ameandika nyuma ya karatasi "anga imekuwa nzito, nimetoa robo ya kushoto", anaelewa sharti lako kuliko ukimweleza mara kumi.

Chora nini? Tazama nje. Mashamba ya chai ya Rungwe yamekatwa kwa mistari ambayo bobari inaipenda. Matuta yanapinda na kilima, njia za wachumaji zinayakata. Shuka Matema, kando ya Ziwa Nyasa, ukaangalie vyungu vya Wakisi vikiwa vimepangwa ufukweni, mabega yao ya mviringo yakigusana. Angalia namna kikapu cha milulu cha Iringa kinavyoanza katikati ya kitako na kupanuka. Si kwa sababu ni "utamaduni wetu" wa kuonyesha wageni. Ni kwa sababu umevitazama maisha yako yote na unajua vinavyokaa, na mkono unaojua kitu huamua haraka nini cha kutoa na nini cha kuacha.

Kibao kikikamilika, chapa toleo dogo, tuseme nakala 10, kwa karatasi nzuri. Chini ya picha, kwa penseli na si kalamu ya wino, maana wino hufifia na kupenya: kushoto andika namba, 1/10, 2/10 na kuendelea, katikati jina la kazi, kulia sahihi yako. Ukishazitoa hizo kumi, usichape ya kumi na moja. Kata mstari mmoja wa mshazari juu ya kibao na ukihifadhi. Mnunuzi wa chapa ananunua ahadi hiyo pia, na wanafunzi wajifunze kuitunza wakiwa bado wadogo, kabla hawajakutana na watu wanaochapisha picha kwa kompyuta na kuziita chapa za mkono. Usijipe haraka ya kuuza. Vibao vitatu vya kwanza viwe vya kurudisha mkono.

Na mashine ikifika? Iweke, ijaribu wewe mwenyewe kabla ya darasa, na kazi ya kwanza uipe iwe ile ambayo mwiko hauiwezi: maboksi ya maziwa au juisi, yale yenye ung'avu wa fedha ndani. Kunjua boksi, osha, kwaruza picha kwenye upande wa fedha kwa msumari, pakaa wino uingie kwenye mikwaruzo, futa juu kwa tambara, weka karatasi iliyoloanishwa na juu yake kipande cha blanketi, zungusha. Mgandamizo wa rola za chuma utauvuta wino kutoka ndani ya mikwaruzo.

Ikikawia tena mwaka mzima, nenda kwa mafundi wa kuchomelea wa pale SIDO, shirika la viwanda vidogo, Mbeya na uwaeleze unataka fremu ya chuma nene yenye jeki ya lori katikati, inayokandamiza bamba moja juu ya lingine. Kwa vibao vya mbao na soli inatosha kabisa. Mwambie fundi asibane gharama kwenye bamba la juu. Likiwa jembamba litapinda, na kila chapa itakuwa nyeusi katikati na hafifu kingoni. Likipinda kidogo tu, panga magazeti yaliyokatwa kwa ukubwa unaopungua, makubwa chini na madogo juu, uyaweke chini ya kibao pale palipo hafifu, kisha chapa tena uone.